Simu ya waifai isitozwe kama ya mnara

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie bei ya simu zinazopigwa kwa namba ya kawaida, si kwa WhatsApp, lakini kupitia waifai badala ya mnara, jambo ambalo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumelijua kwa miguu, kwani katika mabonde ya Rungwe na Makete wapo wanaopanda kilima kizima kutafuta mtandao.

Katika simu ya kawaida, gharama kubwa ya kampuni ni mnara: leseni ya masafa (mawimbi ya redio yanayobeba simu), dizeli ya jenereta umeme unapokatika, mlinzi, na fundi wa kupanda kileleni wakati wa masika, barabara ikiwa utelezi mtupu. Tena masafa yenyewe ni haba. Katika GSM, teknolojia ya simu za mkononi iliyoanza kutumika mwaka 1991, chaneli moja ya kilohezi 200 hugawanywa zamu nane, na simu ikishashika zamu yake haiiachii mpaka mtu akate, hata wazungumzaji wakinyamaza. Anayezijua salamu za huku kwetu, kuanzia hali ya mama hadi ya ng'ombe, anajua zamu hiyo hushikwa kwa muda gani.

Simu ya waifai haipandi mnarani. Hutumia masafa ya gigahezi 2.4 au 5 yasiyolipiwa leseni. Sauti hubanwa, ikakatwa vipande vidogo na kusafiri pamoja na data nyingine, na mtu anaponyamaza hakitumwi kitu, au hutumwa kidogo sana. Dakika moja hula takriban nusu megabaiti, kwenda na kurudi, ambayo kwenye laini ya mkongo, yaani waya wa intaneti ya kasi, ni kama tone mtoni. Kampuni hubakiwa na mitambo ya kuunganisha simu, pamoja na ada ya mwingiliano, inayolipwa kwa mtandao mwingine mteja anapompigia mtu wa mtandao huo. Gharama hizo ni za kweli na sizibishi.

Ninachobisha ni hiki. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Tukuyu. Ruta nimenunua mimi, umeme nalipa mimi, na intaneti nailipia kila mwezi. Mgeni wangu alipopiga simu kwa waifai hiyo, kampuni yake ilimkata dakika zilezile za kifurushi, kana kwamba alipitia mnarani, na alipouliza akajibiwa kwamba dakika ni dakika. Kwangu mimi si hivyo, kwa kuwa dakika ile ilipita juu ya vifaa vyangu, na mnara wao ukapata nafasi ya kumhudumia mteja mwingine.

Naiomba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, itakapopitia tena gharama za huduma za simu, ipime simu za waifai peke yake, na kampuni zitakiwe kumwonesha mteja, kabla hajanunua kifurushi, bei ya dakika isiyogusa mnara.

Msomaji wako,
Tukuyu, Mbeya