Arthur Mitchell hakuishia kuwa "wa kwanza"

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Arthur Mitchell, mchezaji wa baleti wa Marekani, imemwita mtu mweusi wa kwanza kucheza baleti Marekani. Sivyo. Janet Collins, mchezaji mweusi, aliingia Metropolitan Opera ya New York mwaka 1951, na mwenzake mweusi Raven Wilkinson akachukuliwa na kundi la Ballet Russe de Monte Carlo mwaka 1955, mwaka uleule Mitchell alipojiunga na kundi la New York City Ballet. Mitchell alichowatangulia wenzake weusi ni kupanda hadi ngazi ya juu ya wachezaji katika kundi kubwa kama lile. Lakini hata hilo likishasahihishwa, neno "wa kwanza" linaficha kazi yenyewe, na sisi tunaofundisha baleti tunaijali zaidi kazi.

Anzeni na baleti ya Agon ya mwaka 1957, muziki wa Stravinsky, hatua za George Balanchine, mtunzi wa dansi wa kundi hilo. Wachezaji ni 12 tu, hakuna mapambo jukwaani, mavazi ni ya mazoezi. Katika sehemu ya wawili Mitchell alicheza na Diana Adams, mwanamke mweupe, na Balanchine aliitumia tofauti ya rangi zao makusudi: mkono mweusi juu ya mkono mweupe ni sehemu ya mchoro wa dansi. Kuna mahali mwanamume amelala chali sakafuni huku mwenzake amesimama kwa ncha ya mguu mmoja, mguu wa pili nyuma, naye mwanamume anamshikilia kutoka chini. Akivuta kidogo tu, mwanamke anapoteza mhimili. Hapo msaada wote unatoka kwenye kiganja na bega, kwa kuwa miguu ya mwanamume haina kazi. Televisheni za biashara za Marekani hazikuionyesha sehemu hiyo hadi mwaka 1968.

Mwaka huohuo Martin Luther King aliuawa, na Mitchell akarudi kufundisha Harlem, mtaa wa New York alikozaliwa. Alianza na watoto 30 kwenye gereji. Baada ya muda mfupi walikuwa 400. Wavulana waliokataa kuvaa taiti aliwaruhusu waje na jinzi zilizokatwa, na ngoma zikapigwa darasani. Mwaka 1969, pamoja na mwalimu wake Karel Shook, akaanzisha kundi la Dance Theatre of Harlem.

Kama mtunzi wa dansi, kwa maoni yetu, hakumfikia Balanchine, na si aibu, nani alimfikia? Jicho lake kali lilikuwa la mkurugenzi. Baleti ya zamani ya Giselle, mwaka 1984 aliihamishia Louisiana ya karne ya 19, kati ya watu weusi waliokuwa huru, ambako heshima ya mtu ilipimwa kwa idadi ya vizazi tangu ukoo wake utoke utumwani. Hatua za zamani alizibakiza. Kilichobadilika ni sababu ya Giselle kutoolewa, na ghafla hadithi ile ya kabaila na binti wa kijijini ikawa na uzito.

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa ni rangi ya taiti na viatu. Taiti za waridi kwenye mwili mweusi zinaukata mguu nyongani. Mtazamaji wa mbali anaona kiwiliwili kimoja na miguu ya mtu mwingine. Katika miaka ya 1970 kundi la Mitchell liliacha waridi, kila mchezaji akavaa rangi ya ngozi yake mwenyewe. Kiwanda cha Freed of London kilitoa viatu vya ncha, vile vya kusimamia ncha za vidole, vya rangi ya kahawia, kwa kushirikiana na kundi la Ballet Black, mwaka 2018, mwaka aliofariki Mitchell. Kabla ya hapo jozi nyingi zilipakwa kwa mkono, na mchezaji kinara anaweza kumaliza jozi nzima katika onyesho moja refu.

Wengi hapa bado wanapaka, na wengi wanaharibu. Kichwa cha kiatu hicho ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Ukikilowesha, gundi inalainika na kiatu kinakufa kabla ya onyesho. Tumia poda kavu ya kujipodoa na sponji iliyokamuliwa vizuri, tabaka nyembamba mbili au tatu, kila moja ikauke kwanza. Usisahau riboni na lastiki. Fondesheni yenye mafuta inaacha madoa kwenye satini na kuhamia kwenye nguo ya mwenzako anapokuinua. Taiti za kuchovya kwenye rangi ziwe nyeupe. Za waridi zinatoa wekundu. Wala msichovye taiti za darasa zima kwenye sufuria moja, maana weusi una aina nyingi. Halafu jaribuni chini ya taa za jukwaani: rangi iliyolingana vizuri dirishani mara nyingi huko hugeuka chungwa.

Walimu wa baleti,
Nairobi