Mama Glory, nina kazi ya cherehani yako

Usa River, Arusha

Mpendwa Mama Glory,

Salamu nyingi kutoka huku Usa. Sisi tu wazima, ila baridi imeshaanza kutubana. Natumaini na ninyi huko Moshi hamjambo, na mafundi wenzako pale barazani nao hawajambo.

Najua umeshasikia kwamba nimeacha vitenge na sasa nauza vitu vya farasi. Ni kweli. Nataka uyasikie mengine kwangu mwenyewe, kwa sababu kuna kazi yako humo.

Unakumbuka Baba Nuru ni saisi, mtunza farasi, tangu kabla hatujaoana. Miaka yote hiyo namsikia akirudi jioni na malalamiko yaleyale: hatamu imekatika, mkanda wa tumboni umemchubua farasi, mtoto wa tajiri amepewa kofia inayomwangukia machoni. Farasi huku wapo, wa wenye mashamba, wa wacheza polo, wa kampuni zinazotembeza watalii. Ila vifaa wengi wao huagiza kwa mtu anayesafiri, na kikishafika hakimtoshi farasi wala mpandaji, na hakirudishwi. Hapo ndipo nikaona biashara.

Ninauza vilevile tulivyouza vyombo kwenye kikoba. Mama mmoja anaalika wenzake nyumbani kwake, anaweka chai na maandazi, mimi natandika mkeka na kupanga mali. Mwenye nyumba napunguzia bei kwa kile atakachochagua. Nina sharti moja tu, na hilo silegezi: masaisi wao waalikwe, wapewe viti na chai kama wengine. Mwenye farasi ndiye mwenye pesa, lakini anayemfunga lijamu, kile chuma cha mdomoni, kila asubuhi ni saisi. Kwenye kikao kimoja mama mwenye nyumba alikuwa anasema farasi wake ana kiburi, anatupatupa kichwa. Saisi wake, mzee wa kimya sana, akasema polepole, "Mama, si kiburi, anabanwa." Tukaenda bandani, tukapitisha kijiti mdomoni tukapima. Kweli, lijamu ilikuwa fupi, imemchuna pembe zote mbili za mdomo. Yule mama alinunua nyingine palepale, na tangu siku hiyo saisi ndiye anayeniambia nini kinahitajika kwenye lile banda. Mtu huyo ungemtoa wapi kama ningefungua fremu pale barabarani?

Kofia nazo haziuziki kwa kutazamwa. Napima kichwa kwa futi ya kitambaa juu kidogo ya nyusi, navalisha, halafu kabla ya kufunga mkanda namwambia mtoto atikise kichwa. Ikicheza, hapana, tunajaribu nyingine. Na kofia ya mtumba siuzi, hata mzazi anibembeleze vipi. Ile povu ngumu ya ndani ikishapigwa kwa nguvu mara moja inakuwa imemaliza kazi yake, na kwa nje huoni hata mkwaruzo. Mzazi mmoja alinuna kabisa kwa hilo. Sikumuuzia. Kichwa cha mtoto hakina mtumba.

Mali nyingi naifuata Nairobi kupitia Namanga. Pale mpakani ujue kwamba ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa mzigo usiozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kofia ya Uingereza haiwi ya Kenya kwa sababu umeinunua Nairobi. Ushuru wake unalipa. Hii ndiyo sababu nataka vingine tutengeneze wenyewe. TIN, namba ya mlipakodi, ninayo, haina malipo, na leseni nimekata hapahapa halmashauri ya Meru.

Sasa kazi yako. Kwanza ni kile kigodoro kinacholala chini ya tandiko. Upande wa mgongoni uwe pamba, katikati blanketi zito, usiweke sponji. Ukate vipande viwili, kushoto na kulia, uviunganishe juu ya uti wa mgongo, na kiungo hicho kipinde kwenda juu pale mbele, shingo inapokutana na mgongo. Ukikikata bapa kama shuka, tandiko likikaa kinakaza na kumwumiza farasi mahali penye mfupa. Mshono mnene usiangukie pale mpandaji anapokalia. Nitakutumia karatasi za vipimo: Baba Nuru anakunja waya laini juu ya mgongo wa farasi, nyuma kidogo ya bega, kisha anauweka kwenye karatasi na kuuchora. Ukiona ile michoro utashangaa, hakuna migongo miwili inayofanana.

Cha pili ni vyandarua vya madirisha na milango ya mabanda. Kuna ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi, na mvua zikishanyesha ndipo unapotisha. Farasi anaweza kuwa mzima leo na kesho ukamfukia. Nimemwona Baba Nuru akilia kwa ajili ya farasi mmoja, na wewe unamjua, si mtu wa kulia. Usubi huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri, kwa hiyo farasi huingizwa ndani mapema. Ila wadudu hawa ni wadogo mno, chandarua cha matundu ya kawaida wanapenya. Tafuta wavu wa matundu madogo kabisa pale sokoni Moshi, uniambie bei ya jora zima. Nataka viwe tayari kabla ya masika, watu wasianze kuagiza farasi akishaugua.

Kuhusu malipo, sitaki ushone kwa mali kauli, usije ukasubiri nikiuza ndipo ule. Kitambaa nanunua mimi, na ufundi nakulipa ukimaliza kila kigodoro. Vikianza kwenda vizuri tukae tuzungumze habari ya kugawana faida, maana napenda tuwe wawili.

Anza na kigodoro kimoja cha mfano, ukitume kwa basi la asubuhi, nikipeleke kwenye kikao kinachofuata. Wale masaisi watakisema wenyewe, wala hawatakuficha.

Nisalimie Baba Glory na watoto, na bibi huko Kibosho.

Mimi wako,
Mama Nuru