Mheshimiwa Waziri, Mererani tunaomba maji

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Madini,
Dodoma.

YAH: KUCHORONGA MWAMBA KWA MAJI, MACHIMBO YA TANZANITE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, apolo, yaani mchimbaji anayeshuka shimoni, akitoka hapa Mererani huwa anameta kijivu kuanzia kope hadi vidole vya miguu. Hiyo ni grafaiti, akioga inatoka. Barua hii inahusu vumbi jingine, la silika, madini yaliyomo ndani ya mwamba. Chembe zake hatari zaidi hazifiki mikroni 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na leso aliyojifunga puani haizizuii.

Chembe hizo zikishuka kifuani hugusa seli zilizotanda kwenye njia za hewa, nazo hutoa kemikali za kuita askari wa kinga. Askari hao, makrofaji, huimeza chembe kama wanavyomeza bakteria. Bakteria angeyeyushwa, jiwe haliyeyuki. Hupasua kifuko cha vimeng'enya kilicho ndani ya askari, naye anamwaga interlukini-1, kemikali inayowasha uvimbe, kisha anakufa. Jiwe linabaki palepale, linamezwa na mwingine, na mambo yanaanza upya. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha uchimbaji na kifua kikazidi kuharibika: uvimbe hautulii, makovu yanajengeka, pafu linakakamaa. Tena silika iliyopasuliwa muda huohuo, kwa mashine au kwa baruti, ni kali kuliko iliyokaa.

Ugonjwa huo wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika huitwa silikosisi, nao hauna tiba ya kuuponya. Humweka mtu karibu zaidi na kifua kikuu, na kwenye eksirei hufanana nacho kiasi cha mgonjwa kuweza kumezeshwa dawa za TB ambayo hana. Bado sijagusa saratani ya mapafu.

Utaletewa hoja ya barakoa, maana ni rahisi kugawa na hupendeza kwenye picha. Sisi tunaomba maji. Mashine inayopitisha maji kwenye ncha ya kuchorongea hulilowesha vumbi kabla halijaruka. Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ilianza njia hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Najua utaambiwa wilaya yetu ya Simanjiro ni kavu. Ni kweli, na hilo si dogo. Lakini mwaka 2018 Serikali ilikamilisha ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo haya ili tanzanite isitoroshwe. Aliyeweza ukuta ule hashindwi bomba na matangi.

Kuchoronga kwa maji kuwe sharti la leseni, na mkaguzi ashuke hadi chini, asiishie ofisini juu. Gharama ya mashine aibebe mwenye leseni. Apolo wengi hawana mkataba wala mshahara, wanasubiri mgawo jiwe likitoka. Ukimwachia yeye anunue, hatanunua. Na kila apolo apigwe eksirei ya kifua kabla ya kuanza kazi, kisha kila baada ya muda, asomewe na daktari anayeijua silikosisi. Hospitali ya Kibong'oto pale Siha si mbali.

Naomba kuwasilisha.

Mkazi wa Mererani