Risala ya Klabu ya Ujasiriamali na Michezo kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Mtwara Mikindani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, wahitimu na wanafunzi wenzetu: Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha siku ya leo. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu katika kipindi hiki cha kuelekea msimu wa korosho, ambapo mfanyabiashara wa Mtwara hapati hata nafasi ya kunywa chai akaimaliza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, taarifa ya shule pamoja na mahitaji ya madawati na maabara itasomwa na Mkuu wa Shule. Sisi wanachama wa klabu tumepewa nafasi ya kueleza jambo moja tulilolifuatilia mwaka huu, nalo ni maisha ya Mzee Said Salim Bakhresa, mmiliki wa kampuni zinazotumia jina la Azam na wa klabu ya mpira wa miguu ya Azam FC. Tulimchagua yeye kwa sababu bidhaa zake tunaziona kila siku, na pia kwa sababu tulikwisha kusikia kwamba mgeni wetu wa leo ni mtu aliyeanza na meza ya samaki na sasa analea timu ya mtaa kwa fedha zake mwenyewe. Tuliona kwamba habari za mtu wa namna hiyo ni vyema zisomwe mbele ya mtu wa namna hiyo.

Mzee Bakhresa alizaliwa Zanzibar mwaka 1949. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akaanza kuuza viazi vya mchanganyiko. Hapa tunaomba wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wasishangilie, kwa maana kila tunaposimulia habari hii klabuni hutokea mmoja akauliza kama naye anaruhusiwa kuacha. Jibu la mwalimu wetu mlezi ni kwamba viwanda vya mzee huyo leo haviajiri mhandisi wala mhasibu asiye na cheti. Katika miaka ya 1970 akawa mwenye mgahawa, na kutoka kwenye mgahawa akaingia katika mikate, aiskrimu na usagaji wa nafaka. Leo unga wake unasagwa hata nje ya mipaka yetu, zikiwemo Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji. Vinywaji, maji ya kunywa, boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, na televisheni iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2013, vyote vimekuja juu ya msingi huo wa unga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kilichotuvutia zaidi kuliko ukubwa wa mali ni mpangilio wake. Mwenye mgahawa hununua mkate kila siku, kwa hiyo mtu anayeoka mkate ana mteja kabla hajawasha tanuri. Na mwenye tanuri hununua unga kila siku, kwa hiyo anayesaga ana mteja kabla hajasimika mashine. Kila biashara ilikuja mahali ambapo ile ya kabla yake ilikwisha kumwandalia soko. Hapa nje ya geti la shule yupo mama anayekaanga maandazi tangu alfajiri, nasi wote tumekula kwake, wengine kwa mkopo ambao tunaomba usitajwe mbele ya wazazi wetu. Unga anaoukanda ni wa Azam. Mfuko ukiisha haoni sababu ya kuutupa, na viroba vyake ndivyo watoto wake wanavyookotea korosho chini ya mikorosho kabla hazijapelekwa ghala la chama cha msingi. Mteja mkuu wa kiwanda kile ni huyu mama na maelfu kama yeye, watu wanaonunua kidogo lakini hawakosi kununua.

Tungependa pia kuwa wakweli kuhusu maneno yanayosemwa mno, kwamba mtu fulani amejitengeneza mwenyewe. Jitihada zilikuwa zake, na hilo halina ubishi. Lakini alikuwepo sokoni wakati Serikali ya Awamu ya Pili ya Rais Ali Hassan Mwinyi, kati ya mwaka 1985 na 1995, ilipolegeza masharti ya biashara, na kazi ambazo zilikuwa za mashirika ya umma peke yake, usagaji wa nafaka ukiwemo, zikafunguliwa kwa watu binafsi. Milango ile iliwafungukia wengi. Yeye ilimkuta akiwa na tanuri, wateja na mazoea ya kuhesabu senti, ilhali wengi wengine iliwakuta na maneno tu. Tunaitaja historia hii kwa sababu wahitimu wetu wanaoondoka leo wakidhani kwamba bidii peke yake inatosha, bila sera, bila barabara na bila bandari, watajilaumu bure siku mambo yatakapokwama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba tuingie katika mpira, ambao ndio hasa uliotuleta mbele yako.

Timu inayoitwa leo Azam FC ilianza mwaka 2004 ikiitwa Mzizima, ikiwa ni timu ya wafanyakazi wa kampuni. Haikununuliwa ikiwa tayari na jina, mashabiki na madeni. Ilipanda daraja kwa daraja hadi ikaingia Ligi Kuu mwaka 2008, na wakati wapenzi wa Simba na Yanga wakiwacheka kwa jina la Wanalambalamba, kwa ajili ya aiskrimu za kampuni, kule Chamazi, nje kidogo ya Mbagala, ulikuwa unajengwa uwanja wa klabu yenyewe, unaochukua watazamaji wapatao 10,000, pamoja na mahali pa wachezaji kulala na kufanyia mazoezi, na kituo cha kulea vijana. Ieleweke kwamba Simba na Yanga zimekuwepo tangu miaka ya 1930, tena zina mashabiki nchi nzima, lakini kwa miaka mingi zimecheza mechi zao za nyumbani katika viwanja vya watu wengine.

Matunda yalionekana msimu wa 2013/14. Azam ilicheza mechi 26 bila kupoteza hata moja, ikashinda 18 na kutoka sare 8, na mwezi Aprili 2014 ikajihakikishia ubingwa katika Uwanja wa Sokoine kwa kuifunga Mbeya City mabao 2 kwa 1 nyumbani kwao. Tangu Mtibwa Sugar ilipochukua kombe mwaka 2000, hakuna timu nyingine nje ya Simba na Yanga iliyokuwa imeligusa. Mwaka 2015 ikatwaa Kombe la Kagame, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, na mwaka 2018 ikalitwaa tena. Wana wa Kusini wana kumbukumbu yao wenyewe: tarehe 1 Juni 2019, katika Uwanja wa Ilulu pale Lindi, Azam iliifunga Lipuli ya Iringa bao 1 kwa 0 katika fainali ya Kombe la Shirikisho, mfungaji akiwa Obrey Chirwa. Baadhi ya wahitimu walio mbele yako walipelekwa na baba zao kuiona fainali hiyo wakiwa bado shule ya msingi, na mpaka leo wanabishana kuhusu upande waliokaa.

Hata hivyo, hatukuja kumpamba mtu. Katika miaka kumi iliyofuata ubingwa ule, kombe la ligi lilirudi kwa Yanga na Simba na kubaki huko. Uwanja upo, kituo cha vijana kipo, mishahara inalipwa, lakini mashabiki hawaokwi kama mkate. Yapo pia maswali ambayo klabu yetu imeyajadili bila kuyamaliza. Mwaka 2021 Azam Media iliingia mkataba wa miaka kumi na Shirikisho la Mpira wa Miguu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, wa kuonyesha Ligi Kuu. Fedha hizo zimezisaidia timu ndogo kulipa nauli na mishahara kuliko wakati mwingine wowote tunaoujua, na hilo tunalipongeza kwa moyo mweupe. Lakini mtu mwenye timu ligini, ambaye televisheni yake ndiyo inayozilipa timu zote za ligi, anakaa mahali ambapo panahitaji kanuni zilizo wazi. Tunamheshimu mzee, na tunaona kwamba heshima haizuii kusema hivyo.

Jambo moja halina swali. Farid Mussa aliondoka Azam kwenda Tenerife ya Hispania, na Novatus Dismas aliyelelewa katika kituo hicho akaenda kucheza Israel na baadaye Ulaya. Vijana hawa hawakuokotwa na wakala barabarani. Walikuwa na uwanja ulionyooka, mwalimu, chakula na kitanda, kwa miaka, kabla hajatokea mtu wa kuwataka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkoa wetu umeonja Ligi Kuu. Ndanda FC iliingia msimu wa 2014/15, na kwa miaka kadhaa Uwanja wa Nangwanda Sijaona ukawapokea wakubwa wote wa nchi hii. Msimu wa 2019/20 timu ikashuka. Kushuka daraja kuna sababu nyingi, na si kazi ya wanafunzi kuzihukumu. Jirani zetu wa Ruangwa, Namungo FC, waliingia Ligi Kuu msimu huohuo na baada ya hapo wakafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, kwa hiyo hakuna anayeweza kutuambia kwamba mpira wa juu hauwezekani Kusini. Tunachokiona sisi ni kwamba mtaani kwetu hakuna ngazi ya chini. Yapo mabonanza na ligi za mbuzi, mfadhili huleta jezi na kombe, watu hucheza wiki mbili, mbuzi huliwa, na jezi baada ya hapo huonekana shambani zikivaliwa na watu wanaopalilia mihogo.

Kwa upande wa biashara, klabu yetu imejaribu kuufuata mfano tuliousoma kwa kiasi cha uwezo wetu. Shule ina mikorosho yake, kwa hiyo asitokee wa kudhani kwamba tunafanya kangomba, yaani kununua korosho za wakulima kwa magendo. Badala ya kuuza korosho ghafi zote, sehemu yake tunaibangua wenyewe siku za Jumamosi. Tunakaanga kwenye debe lililokatwa, tukisimama upande ambao upepo hauleti moshi, kwa maana mafuta ya ganda huunguza ngozi. Tunabangua kwa nyundo ndogo moja baada ya nyingine, tunamenya lile ganda jembamba la ndani, kisha tunatenga nzima na vipande. Nzima tunazifunga katika vipakiti na kuziuza stendi na nje ya uwanja siku za mechi. Vipande havitupwi wala haviliwi na wanaobangua, ingawa majaribu ni makubwa. Vinakwenda kwa mama mmoja anayetengeneza kashata. Mzee Bakhresa amejenga utajiri juu ya ngano, zao ambalo nchi yetu huagiza kwa sehemu kubwa kutoka ng'ambo. Sisi tuna zao letu mlangoni, na sehemu kubwa yake huondoka bandarini ikiwa na maganda yake kwenda kubanguliwa India na Vietnam.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya maelezo hayo tunaomba tulete ombi letu, ambalo ni moja.

Kiwanja cha shule yetu kina mteremko. Goli la chini liko karibu na mfereji, na mvua zikinyesha maji hukusanya mchanga wote hapo, mpaka kipa hulazimika kuchota kwa mikono apate mahali pa kusimama. Timu inayoshinda katika kurusha shilingi siku zote huchagua kushambulia goli la chini kwanza, na tumekwisha kushuhudia mechi zikiamuliwa na shilingi hiyo kabla filimbi haijalia. Kwenye kiwanja hicho hicho ndipo timu ya mtaa unayoilea hufanya mazoezi jioni, baada ya sisi kutoka.

Tunafahamu kwamba kwa desturi wageni rasmi huombwa jezi na mipira. Sisi hatukuombi jezi. Tunaomba utusaidie kupata greda na malori ya kifusi ili kiwanja kisawazishwe, mfereji upelekwe upande wa barabara, na magoli ya chuma yasimikwe badala ya haya ya miti ambayo mchwa wameyala. Bodi ya Shule imekwisha kuridhia kwamba kiwanja kitumike na wanafunzi mchana na timu ya mtaa jioni, na kwamba vijana wa mtaa walio chini ya miaka 15 wawe na siku yao chini ya mwalimu wetu wa michezo. Klabu yetu, kwa fedha za korosho, itanunua nyavu na chokaa ya kuchorea mistari, na wanachama wamekubaliana kumwagilia nyasi kwa zamu hadi zishike. Daftari letu la mapato na matumizi liko mezani kwa Mkuu wa Shule, nawe unakaribishwa kulikagua kabla hujatujibu.

Kwa niaba ya wanachama wote, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Klabu ya Ujasiriamali na Michezo.