Harambee ya hospitali jirani: tusingoje ajali nyingine makutano ya Londiani

Kwa wazee wetu, kina mama wa soko, vijana wa boda boda, waumini wa makanisa na msikiti, na watoto wetu mlio Nairobi, Eldoret na ng'ambo.

Tunajua mmechoka na kadi za harambee. Zimepita za karo, zikapita za bili za hospitali, zikaja za mazishi, na sasa hii yetu inabisha hodi. Tunaileta kwa haya kidogo, lakini tunaileta: ni ya kuziunganisha hospitali za kaunti jirani, ili ajali ikitokea zijue nani ampokee nani.

Hakuna anayehitaji kukumbushwa jioni ya Ijumaa ile, 30 Juni 2023. Lori la kontena liliacha njia hapa makutano likavamia matatu, boda boda na wauzaji wa kando ya barabara. Tulipoteza watu 52. Mengi yamesemwa kuhusu lori, breki na vibanda vya barabarani. Kuhusu saa zilizofuata hatukusema mengi, na sisi tulizishuhudia. Majeruhi walipakiwa kwenye gari lolote lililosimama, wakapelekwa kokote dereva alikoelekea. Mama mmoja wa soko letu alimtafuta mwanawe usiku kucha, kila langoni akionyesha picha kwenye simu, kwa sababu hakuna hospitali iliyojua nyingine imepokea nani. Alimkuta alfajiri, hospitali ya tatu, yu hai, Mungu ashukuriwe. Wengine waliopita malango hayohayo waliishia mochari.

Haikuwa mara ya kwanza. Sachangwan, 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka, likalipuka, na zaidi ya watu 110 wakaungua hadi kufa. Alfajiri ya 10 Oktoba 2018, basi lilitumbukia kule Fort Ternan na zaidi ya 50 wakafa. Barabara ni ileile ya kwenda magharibi na matawi yake, na kila mara mambo huenda vilevile. Anayeweza kutembea hufika hospitali kwanza, akajaza benchi na kumaliza bandeji. Aliyevunjika nyonga au anayevuja damu tumboni hufika mwisho, maana alikuwa amebanwa chini ya vyuma. Hospitali iliyo karibu inazidiwa, na ya kaunti ya pili daktari wa upasuaji amekaa, chumba kiko wazi, hakuna aliyempigia simu.

Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, na Katiba yenyewe, katika Jedwali la Nne, inaitaja ambulensi kuwa kazi ya kaunti. Hatuna ugomvi na hilo, limetuletea dawa karibu. Ila sisi tunaishi pembeni kabisa, Kericho inapopakana na Nakuru, na ukiteremka kule Fort Ternan unagusa Kisumu. Lori halisomi kibao cha "Karibu Kaunti" kabla ya kupinduka. Kifungu cha 43 cha Katiba hiyohiyo kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na hakikuongeza "mradi awe upande wetu wa mpaka".

Tumezungumza na wauguzi na maafisa wa kliniki wa pande zote. Wako tayari. Wanachotaka ni kidogo hadi inatia aibu kukiombea harambee: redio za mawasiliano, za kutumiwa pale mtandao wa simu unapokufa (na hapa kwetu, kwa ukungu huu na mvua hii, hufa), orodha moja ya vitanda, damu na vyumba vya upasuaji, inayosomwa kwa redio kila asubuhi, na siku moja kwa mwaka ya kufanya zoezi la ajali ya kuigiza, ambulensi za kaunti zote zikiwepo. Majeruhi wavalishwe kadi za rangi palepale barabarani, nyekundu kwa asiyeweza kungoja, njano kwa anayeweza kungoja kidogo, kijani kwa anayetembea, nyeusi kwa aliyetutoka, na kila rangi iwe na hospitali yake ya kwenda.

Hesabu ndiyo hii. Redio shilingi 640,000. Zoezi la pamoja, pamoja na mafuta ya ambulensi, 310,000. Machela, kadi za rangi na mikanda ya kuzuia damu, 290,000. Mafunzo ya huduma ya kwanza kwa vijana 40 wa boda boda, ambao siku zote ndio wa kwanza kufika, 220,000. Jumla 1,460,000. Mkononi tuna 212,500, na katika hizo 50,000 zimetoka kwa vijana wa boda boda wenyewe. Wenye magari makubwa mnasoma?

Mkono wenu tunaujua. Mlipoambiwa wodi ya kina mama inalala giza, jenereta ilinunuliwa ndani ya wiki tatu. Kwa mazishi ndiyo hatujawahi kushindwa kabisa: hema, viti, basi la waombolezaji, na chakula kinabaki. Tunasema kwa upendo, tungeweza kutoa robo ya hizo mtu angali hai.

Kuna mchango mwingine usiohitaji pesa. Damu haihifadhiki zaidi ya wiki sita, na wachangiaji wakubwa ni wanafunzi. Shule zikifungwa Desemba benki za damu hukauka, na ndio mwezi barabara yetu hujaa. Siku ya harambee kutakuwa na hema la kutoa damu. Mwenye miaka 16 hadi 65 na kilo 50 au zaidi, mwenye afya njema, aingie. Wachungaji na imamu wameahidi kutangulia, tutawatazama.

Pesa zitapokelewa kwa stakabadhi, zitawekwa benki kwa saini tatu, na hesabu itabandikwa ukutani sokoni kila mwisho wa mwezi hadi kazi iishe. Hakuna posho ya kamati. Waheshimiwa tumewaandikia, wakija watakaribishwa kama kila mtu, ila hatutaahirisha tukiwangoja.

Ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya ibada, uwanja wa soko. Namba ya paybill iko kwenye kadi. Walio mbali wapige simu kwa mweka hazina kuthibitisha kabla ya kutuma, matapeli nao wana kadi. Viazi, kabeji, kuku na maziwa ya mnada vifikishwe Jumamosi jioni. Mnada unaanza saa nane kamili, na jogoo wa kwanza ameshatolewa na yule mama wa soko.