Sumaku imenasa jiwe: ni magnetaiti au pirotaiti?

Wateja wengi hutuletea mawe wakiwa tayari na jibu: sumaku imenasa, basi ni magnetaiti, yaani madini ya chuma na oksijeni. Mara nyingi ni kweli. Lakini kwenye miamba metamofiki, ile iliyobadilishwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi, kuna madini mengine yanayonasa sumaku, na kuyachanganya kuna hasara.

La kwanza kuliwazia ni pirotaiti, madini ya chuma na salfa. Pairaiti, madini mengine ya chuma na salfa, iliyomo kwenye miamba ya matope ikipata joto la kutosha hupoteza sehemu ya salfa yake na kugeuka pirotaiti. Ndiyo maana skisti nyeusi, mwamba metamofiki wa tabaka tabaka, inaweza kunasa sumaku bila kuwa na magnetaiti hata chembe. Kwenye sapentinaiti, mwamba unaotokana na olivini iliyobadilishwa na maji, mambo ni mengine: maji yakibadilisha olivini, madini ya kijani yenye chuma, sehemu ya chuma chake huunda magnetaiti. Kwa hiyo tuambie kwanza jiwe limetoka kwenye mwamba gani.

Anayeuza kokoto ndiye tunayemsisitizia zaidi. Pirotaiti ikikutana na maji na hewa huoza na kutoa asidi ya salfa, nayo hula zege kutoka ndani. Huko Connecticut, Marekani, na Trois-Rivières, Kanada, misingi ya nyumba imepasuka kwa sababu ya kokoto za namna hii.

Ukiwa na chembe kubwa, anza mwenyewe. Vunja jiwe utazame uso mpya. Pirotaiti hung'aa kama shaba iliyofifia na kisu huikwaruza. Magnetaiti ni nyeusi na kwa kawaida kisu hakiiwezi. Kusugua kwenye kigae kisichong'arishwa hakuzitenganishi, kwani zote huacha unga mweusi. Hemataiti, madini mengine ya chuma na oksijeni, huacha unga mwekundu, na sumaku ya kawaida haiivuti kwa nguvu. Ikivutwa sana, shuku kwamba kuna magnetaiti ndani yake.

Chembe zikiwa ndogo mno, tunasaga jiwe na kulipasha joto huku tukipima usumaku wake. Pirotaiti huupoteza karibu na nyuzi 320 za selsiasi, magnetaiti 580, hemataiti kama 675. Tatizo ni kwamba moto wenyewe unaweza kuunda magnetaiti mpya kutokana na udongo wa mfinyanzi au siderati (madini ya kaboneti ya chuma). Kwa hiyo tunapima tena jiwe likipoa, na vipimo viwili visipolingana, hatutoi jibu kwa kipimo hicho peke yake. Hapo tunapendelea baridi: kwenye nyuzi 150 hivi chini ya sifuri, usumaku wa magnetaiti hubadilika ghafla, na hakuna madini mapya yanayozaliwa.

Tuletee kipande cha ukubwa wa ngumi kilichotoka ndani ya mwamba, kisicho na kutu, maana ganda la nje lina oksidi zilizoundwa na mvua na hewa baadaye. Na tafadhali usilichome kabla ya kulileta.