Malalamiko: Altaneta Mlibadilisha, Ubovu Ulikuwa Gurudumu la Nyuma

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Mombasa.

MINT: KUREJESHEWA KSH 29,000 ZA MATENGENEZO YASIYOHITAJIKA, TOYOTA FIELDER YA 2014

Bwana Meneja,

Naandika kudai pesa zangu. Niliwalipa KSh 38,600 muondoe mlio kwenye gari, nikatoka getini kwa gereji yenu na mlio uleule. Niliporudi kulalamika, nikatajiwa KSh 120,000 nyingine za kubadilisha giaboksi. Giaboksi ya gari hili ni nzima. Kibovu kilikuwa beringi ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, na fundi mmoja wa Majengo aliijua kabla hajashika spana.

Siku ya kwanza nilimweleza kijana wenu wa mapokezi kinagaubaga. Mlio mwembamba unaanza nikikaribia kilomita 50 kwa saa, unapanda kadiri ninavyoongeza mwendo, na nikiingia mzunguko wa Makupa unazidi ukali. Gari likisimama, kimya. Nikilipiga resi hapo hapo liliposimama, kimya vilevile. Yeye kwenye kadi ya kazi aliandika maneno mawili: "linapiga kelele". Kadi ninayo.

Maelezo yale yalitosha kabisa kumwelekeza fundi. Altaneta (inayochaji betri), pampu ya maji, kompresa ya eisii na puli zote huzungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo kikilia kimojawapo, mlio hufuata injini: piga resi gari limesimama, utausikia. Mlio unaofuata mwendo wa gari, usiojali injini inafanya nini, utafutwe chini, kwenye beringi za magurudumu au tairi zilizolika vibaya. Giaboksi za CVT, yaani otomatiki zisizo na gia za hatua kama ya gari hili, nazo hulia, sikatai, na ndiyo maana mtu hupaswa kulipima gari kabla ya kutaja bei. Ninyi hamkuliendesha hata mara moja. Nililiacha na kilomita fulani, nikalichukua na kilomita zilezile.

Fundi wa Majengo alianza kwa kuniambia, "Mama, twende nalo barabarani kwanza." Tukavuka daraja la Nyali. Tulipokuwa tukiteremka upande wa Kongowea aliweka nyutro kidogo. Injini ikatulia, gari likaendelea kuserereka, na mlio haukubadilika hata chembe. "Altaneta haimo," akasema. Pampu ya giaboksi nayo akaiweka kando, kwa sababu huzungushwa na injini, na sauti yake ingeshuka pamoja nayo. Kisha akatafuta mahali peupe akawa anayumbisha gari polepole. Akikata kulia, uzito ukaelemea kushoto na mlio ukapanda. Akikata kushoto, ukafifia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Makupa ilikuwa ikinisumbua: sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mzunguko huwa unaukata kulia muda wote.

Tuliporudi alipiga jeki nyuma, akaniambia nishike springi wakati yeye anazungusha tairi kwa mkono. Upande wa kulia, shwari. Upande wa kushoto nilihisi mkwaruzo ukipanda hadi kwenye vidole, kama punje za mchanga zinasagwa humo ndani. Akashika tairi juu na chini, akalitikisa, likacheza. Beringi hiyo inauzwa na habu yake nzima, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Spea na kazi vikagharimu KSh 9,000, na gari limenyamaza.

Sasa turudi kwenye ankara yenu. Altaneta KSh 18,000, mkanda KSh 4,500, oili ya CVT KSh 9,600, mafuta ya usukani KSh 1,500, kazi KSh 5,000. Oili ya CVT siigombanii, muda wake ulikuwa umefika. Lakini mafuta ya usukani? Usukani wa gari hili unasaidiwa na mota ya umeme. Hauna pampu, hauna chupa, hauna mahali pa kumimina mafuta. Fungueni boneti mbele yangu mnionyeshe yalipoingia. Kwangu mimi mstari huo mmoja unaeleza namna ankara nzima ilivyoandikwa: kwa kupiga ramli.

Liko jambo lililoniudhi kuliko pesa. Niliporudi, msimamizi wenu aliniambia, "Gari la mtumba lazima lilie kidogo, utazoea." Beringi inayokwaruza haizoeleki. Ikiachwa huchemka, gurudumu hulegea, na mwisho linaweza kumtoka mtu akiwa mwendoni. Mimi hupitisha watoto barabara ya Mtwapa alfajiri, katikati ya malori na matatu zinazopitana.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inahesabu kuwa ni udanganyifu kumwambia mteja kwamba spea au tengenezo fulani linahitajika ilhali halihitajiki. Ina pia sehemu inayohusu matengenezo ya magari, na spea zilizotolewa mteja ana haki ya kurudishiwa. Altaneta yangu ya zamani, iliyokuwa ikichaji vizuri, sikurudishiwa. Nilipoiulizia niliambiwa "imeshatupwa". Altaneta nzima ya Toyota haitupwi Mombasa, Bwana Meneja, na hilo unalijua kuliko mimi.

Nataka KSh 29,000, yaani ankara yote isipokuwa oili ya CVT. Nataka altaneta yangu, au thamani yake. Na nataka jibu la maandishi ndani ya siku 14. Simu za "tutakupigia" zimetosha. Muda huo ukipita kimya nitapeleka dai kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambako sihitaji wakili. Fundi aliyelitengeneza gari amekubali kuja kueleza alichokiona, na habu mbovu ameniwekea kwenye gunia.

Nimeambatisha nakala za kadi ya kazi, ankara yenu na risiti ya habu mpya. Pesa zitumwe kwa nambari yangu ya simu iliyo kwenye ankara. Altaneta nitaifuata mwenyewe.

Wenu,
Mteja, Fielder ya rangi ya fedha